Kutoka -ngali- Hadi -ki-: Mapigano ya Tanga ya 1914 Katika Mchezo wa Vita wa Mezani

Sarufi za Kiswahili aghalabu hueleza viambishi vya masharti kwa sentensi fupi za darasani: mvua ingenyesha, mahindi yangestawi, mgeni angalifika mapema, angalikuta chakula. Mifano hiyo ni sahihi, lakini haionyeshi uzito wa kazi ambayo viambishi hivyo hufanya katika fikra ya mzungumzaji. Ipo shughuli moja, ngeni kidogo katika kumbi za taaluma za Kiswahili, ambayo huidhihirisha kazi hiyo waziwazi, nayo ni mchezo wa vita wa mezani.

Mchezo huu ulianza kama nyenzo ya mafunzo ya maofisa wa jeshi la Prussia, hasa baada ya kanuni za Reisswitz kuchapishwa mwaka 1824. Palikuwa na ramani, vipande vya kuwakilisha vikosi, dadu za kuamua madhara ya risasi, na mwamuzi. Baadaye uliingia majumbani, na mwaka 1913 H. G. Wells alichapisha kitabu cha kanuni za kupigana kwa visanamu vya askari. Leo wachezaji huchagua pigano lililotokea kweli, wakapanga visanamu juu ya meza yenye miti na nyumba za mfano, kisha wakalipigana upya. Baadhi yao hawaridhiki na yaliyotokea. Hubadili jambo moja ili kuona mambo yangalikwendaje. Hapo ndipo historia mbadala huzaliwa, na ndipo sarufi inapohitajika.

Mapigano ya Tanga ya Novemba 1914 yanafaa sana kuwa mfano. Asubuhi ya tarehe 2, manowari ya Kiingereza iliyoitwa Fox ilifika bandarini na kuutaka mji usalimu amri. Mji haukusalimu, na manowari ikaondoka kwenda kuongoza meli zilizobeba jeshi la watu wapatao 8,000 kutoka Bara Hindi, chini ya Jenerali Aitken. Muda ukapita katika kutafuta mabomu ya majini, ambayo hayakuwapo, na wanajeshi wakaanza kushushwa Ras Kasone usiku. Wakati huo huo von Lettow-Vorbeck alikuwa akileta kombania zake kwa reli ya Usambara kutoka upande wa Moshi. Alipowasili, aliupeleleza mji usiku kwa baiskeli. Tarehe 4, watu wake wapatao 1,000, wengi wao askari Waafrika, waliyarudisha nyuma mashambulizi makuu. Tarehe 5 Waingereza walirudi melini, wakiacha bunduki na risasi nyingi ufuoni.

Mwanahistoria akiyatazama hayo husema: “Kama Waingereza wangalishuka pwani mara moja, wangaliuteka mji.” Sentensi hii ina vishazi viwili. Cha kwanza ni cha sharti, cha pili ni cha matokeo, na kiambishi -ngali- kimevifunga vyote viwili katika wakati uliopita usioweza kurudi. Msemaji anadai kuwa anayajua matokeo. Mtunzi wa mchezo hawezi kudai hivyo. Kazi yake ni kukichukua kishazi cha sharti, akigeuze kuwa kanuni, na kukiacha cha matokeo wazi: “Waingereza wakishuka pwani asubuhi ya tarehe 2, je, watauteka mji?” Kwa maneno mengine, -ngali- inageuzwa kuwa -ki-. Lililofungwa linafunguliwa, na majibu yanaachiwa wachezaji na dadu.

Ugeuzaji huu una masharti yake. Tuseme kisanamu kimoja kinawakilisha watu 20. Waingereza watakuwa na visanamu 400. Wajerumani, kwa kuwa asubuhi ile mjini palikuwa na kombania moja tu, hawatazidi visanamu kumi hivi. Treni haiondolewi mezani. Huingia kwa kura ya dadu baada ya zamu kadhaa. Lililobadilika ni saa ya kushuka, basi. Wanajeshi walewale waliokuwa melini tangu katikati ya Oktoba hapana budi wabaki wachovu, na wasiofunzwa vizuri wabaki hivyo hivyo. Mtunzi akibadili saa, kisha akawapa wepesi wa miguu, kisha akawapa jenerali mwenye busara, hajauliza swali moja bali matatu, na jibu la mezani halitamwambia lipi kati ya hayo liliuokoa au kuuangamiza mji.

Nyuki nao wametajwa sana. Inajulikana kuwa makundi ya nyuki waliochokozwa na risasi yaliwauma wapiganaji wa pande zote mbili, na uvumi ukazuka kwamba Wajerumani waliwatega kwa makusudi. Kisa cha mchezo kinachoanza na “nyuki wasingalikuwapo” ni dhaifu, kwa sababu kinachukua kisingizio cha walioshindwa na kukifanya sharti.

Ugumu mkubwa zaidi umo katika istilahi. Neno askari, ambalo Kiswahili kililipata kutoka Kiarabu, liliingia katika lugha za Ulaya likiwa jina la mwanajeshi Mwafrika wa jeshi la kikoloni, na kwa maana hiyo finyu ndilo huandikwa katika vitabu vya mchezo. Katika Kiswahili, Mwingereza, Mhindi na Mnyamwezi wote ni askari. Anayetunga kisa kwa Kiswahili analazimika kuandika upya orodha ya vikosi. Akifika kwa wapagazi atakuta kuwa mara nyingi hawana kisanamu hata kimoja, ilhali bila wao bunduki ya mtombo isingalisogea hata maili moja mbali na reli. Makumi ya maelfu yao walikufa kabla ya vita kumalizika Novemba 1918, na majina ya Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi yametokana na kikosi chao.

Katika mazungumzo ya leo -nge- imechukua sehemu kubwa ya kazi ya -ngali-, wala si kosa la kumkemea mtu. Lakini katika maandishi ya kisa cha mchezo, tofauti hiyo ina faida ya kivitendo. Maelezo ya historia yakiandikwa kwa -ngali-, na kanuni kwa -ki-, mchezaji atatambua palipoishia kumbukumbu na palipoanzia ubunifu. Ama swali ambalo wajukuu wa wapagazi wangelipenda kuliko yote, yaani kama Tanga ingalitekwa siku ile wangapi wangalirudi makwao, hilo linahitaji meza kubwa kuliko ya Tanga, yenye miaka minne ya njia, njaa na mizigo.