Fahamu: Kwa nini hifadhidata hukupa jawabu tupu

Miongoni mwa masuala yanayowatatiza wanaoanza kutumia hifadhidata ya kimahusiano, yaani ile iliyosimama juu ya misingi aliyoibainisha Edgar F. Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi na IBM huko Marekani, katika makala yake ya mwaka 1970, hakuna linaloghadhibisha kama hili: karani ataka kujua wateja wasio na nambari ya simu, aandika WHERE simu = NULL, na jawabu laja tupu, ilhali nafasi zilizo wazi aziona kwa macho yake.

Sababu ni kwamba NULL si sifuri wala si neno tupu (ijapokuwa Oracle, kwa ada yake, hulihesabu neno tupu kuwa NULL), bali ni alama ya jambo lisilojulikana. Na kisichojulikana, kikilinganishwa na chochote, hata na kingine kisichojulikana, hakitoi kweli wala uongo, na WHERE haikubali ila kweli. Aandike IS NULL, taabu imekwisha.

Lililo zito zaidi, kwa rai yangu, ni NOT IN, yaani kutaka wale wasiomo katika orodha fulani. Mtu atafuta wateja wasiopata kuagiza kitu; ikiwa katika safu ya maagizo anayoilinganisha imo NULL moja tu, hatatokea hata mteja mmoja, wala hitilafu haitatangazwa, kwa kuwa mashine haiwezi kuapa kwamba yule asiyejulikana siye huyu. Hapo NOT EXISTS ndiyo salama. COUNT nayo, ikipewa jina la safu, huziruka NULL zote. Ikipewa nyota, huhesabu kila mstari.