Udongo wa Mlima Elgon: Neema Iliyo Jirani na Maafa

Ndugu wasikilizaji, na hasa ninyi askari wa jeshi na polisi mnaotusikiliza mkiwa Nagongera, Tororo, Busia na katika vituo vingine vya mpakani, mazungumzo yetu ya leo yanahusu udongo. Huenda baadhi yenu mkaona kwamba jambo hilo ni la mabwana shamba. Lakini katika sehemu hii ya nchi, askari anayepewa amri ya kwenda Bududa au Bulambuli wakati wa mvua kubwa hupelekwa mara nyingi kupambana na udongo wenyewe. Kwa hiyo yampasa kuzijua tabia zake.

Mtu aliyeko Nagongera akitazama kaskazini-mashariki siku isiyo na mawingu, huuona Mlima Elgon. Ardhi anayoikanyaga ni tofauti na ile ya mlimani. Hapa Nagongera udongo wa sehemu zilizoinuka ni wa kichanga kwa kiasi kikubwa. Maji hupenya na kupita upesi, na wakulima hupanda mtama, ulezi na mihogo. Elgon ni volkeno iliyozimika mamilioni ya miaka iliyopita, na kilele chake cha Wagagai kina urefu wa mita 4,321. Jabali la Tororo, analoliona kila apitaye mjini humo, nalo ni mabaki ya volkeno.

Volkeno ya Elgon ilipokuwa hai haikutoa mawe matupu. Ilirusha majivu yaliyochanganyika na vipande vya mawe, vidogo kwa vikubwa, na mchanganyiko huo ukagandamana ukawa mwamba. Kisha mvua na joto vikaanza kuuozesha mwamba huo. Majivu yalioza kwanza, yakageuka udongo wa mfinyanzi. Mawe magumu yalichelewa kuoza, yakabaki yametapakaa ndani yake. Ndiyo sababu mtu anayechimba katika miteremko ya Elgon huikuta sululu yake ikizama vizuri katika udongo laini, na mara ikagonga jiwe. Rangi nyekundu ya udongo huo hutokana na chuma kilichomo katika mwamba, ambacho hushika kutu kama panga lililoachwa kwenye umande. Juu zaidi, katika misitu yenye baridi, udongo huwa mweusi kwa wingi wa majani yaliyooza.

Udongo huo ni neema kubwa. Mwamba wa volkeno unapooza huachia madini yanayolisha mimea, na mfinyanzi huyashika yasichukuliwe upesi na maji. Tena huhifadhi unyevu hata wakati wa kiangazi. Hapo ndipo yalipo mashamba ya kahawa na migomba ya Wagisu, na ndiyo maana miteremko hiyo ina watu wengi sana. Mwananchi anayeishi juu ya genge hakosi akili. Amekaa pale kwa sababu shamba lake humlisha yeye na watoto wake, na humpatia fedha za karo.

Lakini sifa ile ile ya kushika maji ndiyo inayoleta hatari. Mfinyanzi huyanywa maji polepole na huyaachia polepole. Ikinyesha mvua ya milimita 100 juu ya hekta moja tu, maji hayo yana uzito wa tani 1,000, yaani shehena ya malori zaidi ya 140 ya tani saba. Sehemu ya maji hayo hutiririka kwenda mtoni. Sehemu nyingine huingia ardhini, hushuka hadi yakutane na mwamba mgumu au tabaka lisilopenyeka, kisha hukusanyika hapo. Udongo wa juu unakuwa mzito, na wakati huo huo maji yaliyonaswa chini yake yanausukuma na kupunguza mshiko wake. Mteremko ukiwa mkali, siku moja udongo huteleza wote kwa pamoja, pamoja na mawe, migomba na nyumba. Kwa kuwa maji huendelea kupenya baada ya mvua kukatika, poromoko laweza kutokea hata jua likiwa limekwisha kutoka.

Jambo hilo tumelishuhudia. Tarehe 1 Machi 2010, mlima uliporomoka katika kijiji cha Nametsi, wilayani Bududa, ukafukia nyumba na kituo cha afya. Zaidi ya watu 300 walikadiriwa kupoteza maisha, na wengi wao miili yao haikupatikana. Mashine kubwa hazikuweza kufika upesi kwa ubaya wa njia, na askari wa UPDF pamoja na wananchi walichimba kwa majembe na sepetu. Tarehe 11 Oktoba 2018, huko Bukalasi katika wilaya hiyo hiyo, udongo na majabali viliingia katika mto Suume na kuwafikia watu waliokuwa bondeni. Zaidi ya watu 40 walikufa. Na tarehe 27 Novemba 2024, maafa yaliifikia wilaya ya Bulambuli, yakafukia makumi ya nyumba.

Mizizi ya miti ya msituni huushona udongo na kuufunga kwenye mwamba, na majani yake hupunguza nguvu ya mvua. Msitu ukifyekwa, mizizi huoza baada ya miaka michache na kazi hiyo hukoma. Vile vile mtu akikata ukingo wa mlima ili apate kiwanja, ameondoa mguu uliokuwa ukiutegemeza mteremko. Hata hivyo miti si kinga kamili. Poromoko lenye kina kirefu huanzia chini ya mizizi, na hubeba msitu wenyewe.

Yampasa basi askari azijue dalili. Ufa mpya ardhini, hasa uliopinda kama mwezi mchanga kukata mteremko, ni onyo kubwa. Chemchemi inayotokea mahali palipokuwa pakavu, miti au nguzo zilizoanza kuinama, na milango ya nyumba inayokataa kufungika, zote zaonyesha kwamba ardhi inatembea. Mto ukipungua ghafla wakati mvua inanyesha, maana yake huenda umezibwa huko juu, nao utazibuka kwa kishindo. Ili kuujua udongo, chukua konzi moja iliyolowa, uifinye kati ya kidole gumba na cha shahada. Ukitoka utepe mrefu usiokatika, huo ni mfinyanzi. Ule wa kichanga humeguka papo hapo.

Mahema yasipigwe chini ya mteremko mkali, wala katika mkondo wa korongo, hata kama pana nyasi nzuri na maji karibu. Wakati wa uokoaji, mlinzi mmoja awekwe mahali salama anapoweza kuutazama mteremko wa juu na kupiga filimbi. Wachimbaji wasirundikane wote mahali pamoja, na njia ya kukimbilia ichaguliwe kabla ya kazi kuanza. Njia hiyo iwe ya ubavuni; mtu asikimbie kuteremka, kwani poromoko lina kasi kuliko miguu yake.

La mwisho, ndugu wasikilizaji, ni namna ya kusema na wananchi. Baada ya mwaka 2010 serikali ilianza kuwahamishia baadhi ya watu Kiryandongo, na baadaye Bunambutye katika Bulambuli. Wako waliokwenda, na wako waliosita, kwa sababu hakuna anayeliacha kwa furaha shamba la baba yake lenye rutuba. Askari anayefika mlangoni na amri tupu atasikilizwa kwa shingo upande. Lakini anayeweza kumwonyesha mzee wa boma ule ufa juu ya shamba, akamweleza maji yanakwenda wapi na kwa nini jua la leo halimaanishi usalama wa kesho, huyo ana silaha nzuri zaidi. Mlima Elgon utaendelea kunyeshewa. Ikiwa tutaujua udongo wake, tutaweza kuwatoa watu kabla haujateremka, na hatutabaki na kazi ya kuwachimbua baadaye.