Haki Yake Mpeni

Ni desturi ya vyuo vikuu vya uganga kutangaza kila mwaka majina ya walimu wao waliopewa nishani, waliopandishwa vyeo, na waliovumbua mambo mapya katika utafiti. Desturi hiyo ni njema, nasi hatuna neno juu yake. Lakini yatupasa kuuliza: je, majina hayo ndiyo yote? Hakuna mwingine aliyetoka jasho katika kazi hiyo, na jina lake likaachwa? Habari za Bwana Vivien Thomas, wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins katika mji wa Baltimore, Marekani, zatupa jibu.

Bwana Thomas, Mmarekani mweusi aliyezaliwa mwaka 1910, alikuwa seremala katika mji wa Nashville, naye alitamani sana kuwa daktari. Mwaka 1930 aliajiriwa na Daktari Alfred Blalock wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt amsaidie katika chumba cha utafiti, kwa dola 12 kwa juma. Mwaka huo huo benki aliyoweka akiba yake ya masomo ilifilisika, fedha zikapotea, na tumaini la kusoma uganga likapotea pamoja nazo. Hata hivyo mikono yake ilikuwa hodari na akili yake nyepesi. Haukupita muda mrefu akawa anapasua wanyama wa majaribio, anapima na kuandika hesabu zake mwenyewe. Lakini katika daftari la mishahara aliandikwa kuwa mfagiaji, akalipwa kama mfagiaji.

Mwaka 1941 Daktari Blalock aliteuliwa kuwa mkuu wa upasuaji huko Johns Hopkins, akataka Thomas aende naye. Huko Daktari Helen Taussig, mganga wa watoto, aliwaletea shida iliyomsumbua. Wako watoto wanaozaliwa na kasoro ya moyo: njia ya damu iendayo mapafuni ni nyembamba mno, na ukuta wa moyo una tundu. Damu yao haipati hewa safi ya kutosha, midomo na kucha hugeuka rangi ya buluu, na wakati ule wengi walikufa wangali wadogo. Je, haiwezekani kuwapelekea mapafu damu zaidi?

Kazi ya kutafuta njia ilimwangukia Thomas. Alitumia mbwa wapatao 200, kwanza kuwatia hali ile, kisha kuiponya kwa kuunga mshipa uendao mkononi na mshipa uendao mapafuni. Tarehe 29 Novemba, 1944, Daktari Blalock alimpasua mtoto wa kike wa miezi 15. Nyuma ya bega lake, juu ya kigoda, alisimama Thomas akimwelekeza. Maana Thomas alikuwa ameifanya kazi ile mara nyingi, na Blalock mara moja tu, tena akiwa msaidizi wa Thomas. Mtoto yule aliongezewa miezi kadhaa ya uhai. Hawakupita wagonjwa wengi, mvulana wa miaka 6 akageuka rangi na kuwa mwekundu wa midomo angali juu ya meza.

Mwaka 1945 habari hizo zilipochapishwa katika gazeti la madaktari, waandishi walikuwa Blalock na Taussig. Jina la Thomas halikuwamo. Sifa zikaenea duniani. Thomas aliendelea kuwafundisha vijana waliokuja kuwa wapasuaji mashuhuri. Na ili kuongeza kipato, aliwahudumia vinywaji katika karamu za bwana wake, na baadhi ya wageni walikuwa ni wale wale aliowafundisha mchana.

Heshima ilimfikia baadaye. Mwaka 1971 wapasuaji aliowafundisha walimtolea picha yake iliyochorwa, itundikwe hospitalini. Mwaka 1976 chuo kilimpa udaktari wa heshima, lakini wa sheria, si wa uganga. Na hatimaye akaingizwa katika orodha ya walimu wa upasuaji. Daktari Blalock alikuwa amekwisha kufa tangu 1964. Thomas alistaafu mwaka 1979 akafa mwaka 1985. Leo madaktari wengi huuita upasuaji ule kwa majina yote matatu, na mwaka 2021 ulianzishwa mfuko wa dola milioni 150 wenye jina lake, wa kuwasomesha vijana wa makundi yaliyoachwa nyuma katika sayansi.

Twashukuru kwa hayo yote. Lakini picha ukutani haimrudishii mtu mshahara aliopunjwa, wala haimpi ruhusa aliyonyimwa ya kumtibu mgonjwa kwa mkono wake mwenyewe. Wahenga walisema: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Hawakusema apewe akisha kuzeeka.

Ndugu wafanyakazi, hayo si ya Baltimore peke yake. Kila hospitali ina watu wa maabara, wauguzi na wasaidizi ambao bila wao daktari hashiki kisu. Siku ya kutangaza nishani na vyeo, tusome orodha yote, kisha tuulize ni nani aliyesimama juu ya kigoda. Jina lake liandikwe siku ile ile kazi inapofanyika, na mshahara wake ufuate kazi anayoifanya.