GOFU: MSUKUMA HASUKUMI, ANAVUTA!

Wiki hii tunaingia uwanjani, lakini si Kambarage wala CCM Kirumba. Leo ni gofu! Ndiyo, ule mchezo ambao ukiutaja kijiweni pale Shinyanga mjini au kule Geita, washikaji wanacheka na kukuambia huo ni wa wazungu wa mgodini na wakubwa wenye vitambi.

Msifunue ukurasa kwanza. Wacheza gofu wana ubishi wao wa miaka mingi, umewatoa jasho makocha na umeandikiwa vitabu: unapoupiga ule mpira, unavuta fimbo au unaisukuma? Watu wanalipa hela nyingi kufundishwa jibu. Kumbe jibu lenyewe liko mikononi mwa kijana anayepasua mawe Nyarugusu na Rwamagasa, na bibi yako anayelima pamba Kishapu analijua tangu akiwa binti.

Kabla hatujaendelea tumalize utani wa kichwa cha habari. Jina la Wasukuma halihusiani na kusukuma mkokoteni. Kwa lugha yao, sukuma ni upande wa kaskazini, kwa hiyo Wasukuma ni watu wa kaskazini, basi. Na ukimwangalia Msukuma akiwa na jembe shambani, utakubali kwamba jina linadanganya. Huyu mtu hasukumi hata kidogo. Anavuta!

UBISHI WENYEWE

Tuchukue mchezaji anayetumia mkono wa kulia. Akisimama kwenye mpira, bega lake la kushoto linaelekea kule mpira unakotakiwa kwenda. Mkono wa kushoto unashika fimbo juu, wa kulia unashika chini yake kidogo. Sasa fimbo ikiwa imeinuliwa nyuma ya kichwa, kuna njia mbili za kuileta chini. Ama mkono wa kushoto uivute, ama wa kulia uisukume kwa nyuma.

Mwaka 1953 bwana mmoja mzaliwa wa Scotland aliyehamia Marekani, Tommy Armour, alitoa kitabu akawaambia watu kwamba mkono wa kushoto kazi yake ni kushika tu. Mwenye kuchapa ni wa kulia, tena achape kwelikweli! Na Armour hakuwa mtu wa kubahatisha, maana alishinda US Open mwaka 1927 na British Open mwaka 1931, huku jicho lake moja likiwa limeharibiwa vitani.

Miaka minne baadaye, 1957, akaja Ben Hogan. Huyu mwaka 1949 gari lake liligongana uso kwa uso na basi, madaktari wakadhani hatatembea vizuri tena, na mwaka uliofuata akashinda US Open. Si mchezo! Hogan akasema wanaoanza kwa mikono wamechemsha. Anayetangulia ni kiuno. Kiuno kinageuka kuelekea kunakokwenda mpira, kinavuta kifua, kifua kinavuta mikono, mikono inavuta fimbo. Lakini huyohuyo Hogan akaandika pia kwamba mwishoni kabisa angetamani awe na mikono ya kulia mitatu ya kuchapia!

Umeona hapo? Hogan hakuukataa mkono wa kulia. Aliukataza kuwahi. Shika neno hilo, maana habari yote iko hapo.

TWENDE KWENYE MAWE

Sasa tuhamie Geita. Pembeni ya duara kuna mawe makubwa yaliyotolewa chini, yanatakiwa yapasuliwe ndipo yaende kwenye karasha. Mgeni aliyeshuka jana kwenye basi anakabidhiwa nyundo kubwa. Anaishika mkono mmoja karibu na kichwa cha nyundo, mwingine mwisho wa mpini, kisha anasukuma chini kwa nguvu zake zote. Jiwe linamtazama tu. Mapigo kumi baadaye mabega yanawaka moto, mkono umetoa malengelenge, na wazee wanacheka.

Sasa mwangalie mwenyeji. Wakati wa kuinua, mkono mmoja uko karibu na kichwa cha nyundo, maana hapo ndipo uzito ulipo. Ila nyundo ikianza kushuka, ule mkono unateleza kwenye mpini mpaka unakutana na mwenzake kule mwisho. Wakati huohuo magoti yanalegea, kiuno kinashuka, mwili wote unavuta mpini. Kichwa cha nyundo kinabaki nyuma kidogo, halafu kinafyatuka. Paa! Jiwe limepasuka vipande viwili, na jamaa hata hajahema.

Hesabu yake ni rahisi. Tuseme mpini una sentimita 90. Ukishika katikati, kichwa cha nyundo kinazunguka umbali wa sentimita 45 tu kutoka mkononi. Ukishika mwisho, ni sentimita 90. Kama mzunguko ni uleule, kasi ya kichwa imekuwa mara mbili. Na nishati ya kupiga haifuati kasi moja kwa moja. Kasi ikiwa mara mbili, nishati ni mara nne! Yule mgeni hakosi nguvu. Anazo nyingi ila anazitia mahali pasipo.

SIRI YA KIBOKO

Mwaka 1968 Waingereza wawili, Alastair Cochran na John Stobbs, walitoa kitabu kilichotokana na utafiti mkubwa wa wanasayansi juu ya upigaji wa gofu. Wakasema mpigaji ukimtazama kifizikia ni vipande viwili vilivyounganishwa na bawaba. Kipande cha juu ni mabega na mikono, cha chini ni fimbo. Bawaba ni vifundo vya mikono.

Ukitaka kuielewa hiyo, mkumbuke kijana anayeswaga ng'ombe wa kulimia. Ana kiboko kirefu. Anarusha mkono mbele, halafu mkono unapunguza mwendo au unarudi nyuma kidogo. Kile kipande cha mwisho ndicho kinachofyatuka na kulia. Mkono umegawa mwendo wake, ncha imeupokea.

Fimbo ya gofu inafanya vilevile. Mwili unavuta mpini, kichwa cha fimbo kinabaki nyuma huku kifundo cha mkono kimekunjwa. Mpini unapozunguka, kichwa kinataka kukimbilia nje, kama abiria wa daladala anavyotupwa pembeni kwenye kona. Kifundo kinafunguka chenyewe, mikono inapunguza kasi, fimbo inachapa. Mchezaji wa kulipwa wa kiume anaweza kufikisha kichwa cha fimbo kwenye kilomita 180 kwa saa. Basi la Mwanza likikimbia namna hiyo abiria wote wangekuwa wanasali! Na mikono yenyewe haifiki hata theluthi ya kasi hiyo.

Sasa anayewahi kusukuma kwa mkono wa kulia anafanya nini? Anakifungua kifundo mapema, fimbo ikiwa bado iko usawa wa bega, kama mtu anayetupa ndoana ziwani. Kiboko kinalia hewani, nyuma ya sikio. Fimbo inapofika kwenye mpira imeshamaliza ubabe wake. Mara nyingi inakuja pia ikikata upande, na mpira unapinda kwenda kulia vichakani.

Na usijidanganye kwamba utasukuma mpira wakati umeshaugusa. Mpira wa gofu hauzidi gramu 46, na fimbo inakutana nao kwa muda wa kama nusu ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Habari kutoka mkononi kwenda kwenye ubongo na kurudi haiwezi kuwahi hapo. Ukisikia "tap", kazi imeshakwisha zamani.

MDUNDO NDIO MWALIMU

Kwa hiyo nani mkweli kati ya Armour na Hogan? Wote, bwana, ila kwa zamu. Kuvuta kunaanza, kusukuma kunamalizia. Mkono wa kulia unaruhusiwa kuchapa pale chini, fimbo ikiwa tayari inakimbia. Ukiutanguliza, umeharibu.

Na zamu ni suala la mdundo. Wasukuma wana ngoma yao ya bugobogobo, ile ya majembe. Wachezaji wanayarusha majembe, wanayazungusha, wanayashusha pamoja kwa kufuata ngoma. Hiyo ni kazi ya shambani iliyogeuzwa burudani, na inafundisha jambo lilelile: jembe linainuliwa, linasubiriwa, linaachwa lishuke kwa uzito wake, kisha linavutwa. Anayelikandamiza kabla ya mdundo anachoka peke yake na mstari unamwacha nyuma. Beleshi ndilo la kusukuma. Jembe linavutwa.

Wapo wanaosema mchezo huu hauwezekani bila vifaa vya bei mbaya. Waulizeni habari za Seve Ballesteros. Mtoto wa kijiji cha Pedreña huko Hispania, alianza kwa kupiga mawe ufukweni kwa kichwa cha fimbo kuukuu kilichochomekwa kwenye kijiti. Mwaka 1978 alikuja Nairobi akabeba Kenya Open, mwaka uliofuata akabeba British Open. Mawe na kijiti! Sasa kwa mawe, nani atashindana na Geita?

MGONGO HAUNA SPEA

Hapa tuache utani kidogo. Wahenga wa mjini wanasema mtaji wa maskini ni nguvu zake mwenyewe. Mchimbaji mdogo anapiga nyundo kutwa nzima, siku baada ya siku, na wengi wao hawana bima wala likizo ya ugonjwa. Anayesukuma kwa mabega na kiuno kilichogandishwa anautafuna mtaji wake mwenyewe. Dhahabu inaweza kupatikana kesho. Mgongo ukishaondoka, hauna spea pale sokoni Kahama.

Hata matajiri hawajasalimika. Kuzungusha mwili kwa nguvu kunautesa mgongo wa chini. Tiger Woods, aliyeshinda Masters mwaka 1997 akiwa na miaka 21 kwa tofauti ya mapigo 12, alifanyiwa operesheni ya mgongo mara kadhaa, na mwaka 2017 akaunganishwa pingili. Yeye alikuwa na madaktari bingwa, akarudi na kushinda Masters tena mwaka 2019. Kijana wa duarani atarudi na nani?

Ndiyo maana mzee anapomwambia mgeni, "Dogo, legeza mabega, tumia miguu," asimwone anamnyanyasa. Anampa somo ambalo Ulaya linauzwa kwa saa.

JARIBU NYUMBANI

Huna fimbo ya gofu? Chukua mpini wa ufagio, toka uwanjani, hakikisha hakuna mtoto wala kuku karibu. Shika mwisho mmoja kwa mikono miwili, inua mpaka juu ya bega la kulia, halafu zungusha kama unapiga mpira ulioko chini.

Sikiliza ule mlio wa "vuuu". Ukiulilia karibu na sikio lako la kulia, wewe ni msukumaji, umewahi. Anza upya. Safari hii uzito uhamie kwanza mguu wa kushoto, kiuno kigeuke, mikono ifuate bila haraka. Mlio ukihamia chini pale mpira ungekuwepo, au mbele yake kidogo, umeshajua kuvuta. Fanya polepole kwanza, na mgongo ukiuma, acha.

Siku moja ukipita karibu na uwanja wa gofu, uwe wa Gymkhana Dar es Salaam, Arusha au ule wa jeshi kule Lugalo, simama utazame. Utamwona bosi mmoja na fimbo yake ya bei mbaya, amekaza shingo, anausukuma mpira unaokwenda mita thelathini. Usimcheke. Mwambie tu kwa heshima, "Shikamoo mzee, jaribu kuvuta."

Haya, tukutane wiki ijayo!