Pima Trekta Yako Kabla ya Kununua Plau



Wengi wenu mnaolima katika mashamba ya skimu mmekwisha kununua trekta ndogo, au mnaweka akiba mpate kuinunua, mtu peke yake au kwa kikundi. Jambo hili ni jema. Lakini trekta isiyo na vyombo vya kufungwa nyuma ni kama ng'ombe wa kulimia asiye na nira: anakula tu, kazi hafanyi. Na chombo kisicholingana na trekta ni hasara mara mbili. Fedha hupotea, na dereva huingia hatarini.

Mkulima mmoja alifika katika ofisi yetu ya kilimo akiwa na huzuni. Alikuwa ameuza ndama wawili akanunua plau kuukuu ya diski tatu, kwa sababu bei yake ilikuwa nafuu. Alipoifikisha nyumbani, pini zake hazikuingia katika mikono ya trekta. Fundi akazitoa akatia nyingine ndogo. Kesho yake, alipoinua plau akipanda mlima, magurudumu ya mbele yaliacha ardhi. Alijaliwa akaishusha upesi. Sasa kuku hulala juu ya plau ile. Mwuzaji hakumdanganya, yeye mwenyewe hakuuliza. Basi wewe uliza maswali haya manne.

1. Je, pini zaingia?

Nyuma ya trekta kuna mikono mitatu: miwili ya chini inayoinuliwa kwa nguvu ya mafuta ya haidroliki, na mmoja wa juu. Mpango huu ulienezwa na Harry Ferguson, aliyezaliwa Ireland mwaka 1884. Trekta yake ndogo ya TE20 ilitengenezwa Coventry, Uingereza, kuanzia mwaka 1946 mpaka 1956. Hapo kale plau ilikokotwa tu, na ikigonga jiwe, trekta iliweza kuinuka mbele na kumpindukia dereva. Mikono mitatu ilipunguza hatari hiyo.

Mikono hii ina vipimo. Trekta ndogo kabisa, zisizozidi nguvu za farasi 20, kwa kawaida hutumia pini za chini zenye unene wa milimita 16. Zile za nguvu za farasi 20 hadi 45 hutumia pini za milimita 22. Trekta kubwa zaidi hutumia za milimita 28. Chukua rula uende nayo sokoni. Ukiona pini ni za milimita 28, fahamu kwamba chombo hicho kilitengenezwa kwa trekta kubwa kuliko yako. Kubadili pini hakupunguzi uzito wake.

2. Je, mikono yaweza kukiinua?

Shika debe la maji karibu na kifua chako, kisha unyooshe mikono mbele. Maji ni yale yale, lakini debe limekuwa zito. Ndivyo ilivyo kwa trekta. Chombo kirefu ni kizito kuliko kifupi, hata kama mizani yasema kilo sawa. Kitabu cha trekta hutaja uzito inaoweza kuinua. Uliza ulipimwa wapi: kwenye ncha za mikono, au sentimita 61 nyuma ya ncha hizo? Kipimo cha nyuma ndicho kilicho karibu zaidi na kazi ya shambani.

3. Je, mbele kutabaki uzito?

Tufanye hesabu kama shuleni. Tuseme trekta yako ina kilo 700, na kilo 280 kati ya hizo ziko juu ya magurudumu ya mbele. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni sentimita 150. Chombo kina kilo 200, na katikati ya uzito wake ni sentimita 130 nyuma ya ekseli ya nyuma. Zidisha 200 kwa 130, ugawanye kwa 150. Jibu ni kilo 173. Uzito huo huondolewa mbele kila uinuapo chombo, na kilo 107 tu hubaki.

Kanuni njema ni kwamba mbele kubaki angalau sehemu moja kwa tano ya uzito wa trekta. Hapa ni kilo 140. Kwa hiyo lazima utie vyuma vya uzito mbele kama kitabu kielezavyo, au uchague chombo chepesi. Ukipuuza, usukani hautatii mlimani.

4. Je, kitafanya kazi siku ngapi?

Plau hufanya kazi majuma machache, kisha hupumzika. Trela hubeba maziwa, viazi, samadi na kuni mwaka mzima. Rotaveta hulainisha udongo vizuri, lakini kwenye mteremko udongo uliosagwa mno huchukuliwa na mvua. Mahali pa namna hiyo ripa hufaa zaidi, kwa kuwa hupasua mstari bila kupindua shamba lote. Andika kazi zako za miezi kumi na miwili, ndipo uchague. Chombo cha siku tatu kwa mwaka ni heri kukodi, au kununua pamoja na majirani.

Mwisho, neno moja la kuokoa maisha. Usifunge kamwe mnyororo kwenye mkono wa juu ili kung'oa kisiki. Trekta itainuka mbele na kukulalia kabla hujakanyaga klachi. Vuta kwa chuma cha chini cha kukokotea tu.

Bwana Shamba wa eneo lako atakusaidia kupima. Mwite kabla hujatoa fedha, kwa maana majuto ni mjukuu.