Sinema ya Uwanjani Kibondo na Kasulu

Sinema ya uwanjani husubiri giza, na Kibondo na Kasulu giza huchelewa. Miji hii iko magharibi kabisa mwa Tanzania lakini inafuata saa zilezile za Dar es Salaam, hivyo jua huzama huko zaidi ya nusu saa baada ya kuzama Pwani. Filamu ikianzishwa kabla ya saa moja na nusu usiku, picha hupauka. Msimu nao una masharti yake. Mvua za nyanda hizi huanza Oktoba na kuendelea hadi Mei, kwa hiyo maonyesho ni ya kiangazi, wakati baridi ya usiku inapowalazimisha watazamaji kuja na makoti na blanketi.

Vifaa si vingi: projekta, kitambaa cheupe kilichovutwa kikakaza, spika na chanzo cha umeme. Kwa miaka mingi miji yote miwili ilitegemea umeme wa jenereta, na vijiji vingi havikuwa nao kabisa. Jenereta ya sinema huwekwa mbali, upande unakoelekea upepo, ili ngurumo na moshi visiwafikie watu. Kosa la kawaida ni kutamani picha kubwa mno. Picha ikiongezwa upana na kimo mara mbili, mwanga uleule hutandazwa kwenye eneo mara nne, na uso wa mwigizaji hugeuka kivuli. Wanaokosa nafasi mbele hukaa nyuma ya kitambaa. Huona karibu kila kitu, ila maandishi yamegeuzwa na kila mtu ametumia mkono wa kushoto.

Maonyesho ya namna hii yana historia ndefu Tanzania. Kati ya 1935 na 1937, mradi wa Bekefilm, wenye makao Vugiri katika milima ya Usambara, ulitengeneza filamu za mafunzo na kuzizungusha kwa lori katika makoloni kadhaa ya Uingereza. Baadhi ya maofisa wa kikoloni waliamini kwamba Mwafrika angeelewa tu filamu nyepesi, za mwendo wa polepole. Watazamaji wenyewe walionyesha vingine kwa kumpenda mchekeshaji Charlie Chaplin, ambaye mwendo wake katika filamu si wa polepole hata kidogo.

Mkoani Kigoma, iliko miji hii miwili, sinema ya uwanjani ilipata sura nyingine katika kambi za wakimbizi. Shirika la FilmAid, lililoanza 1999 kwa kuwaonyesha filamu wakimbizi wa Kosovo huko Makedonia, lilifanya kazi katika kambi za Kibondo mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mafunzo ya afya yaliambatana na burudani, na burudani haikuwa jambo dogo kwa watu wasioruhusiwa kwenda mbali na kambi.

Hapo ndipo ugumu halisi unapoonekana: lugha. Kiha, lugha ya wenyeji, na Kirundi, lugha ya wakimbizi kutoka Burundi, zinasikilizana, lakini Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa Kasulu mwaka 1996, ilipokea Wakongo wanaozungumza Kiswahili, Kibembe na lugha nyinginezo. Maandishi chini ya picha hayamfai asiyesoma, wala aliyekaa mbali. Dawa ya zamani ni msimulizi mwenye kipaza sauti, ndugu wa wale wanaotafsiri filamu katika mabanda ya video. Msimulizi hodari huongeza utani wake na kuwapa waigizaji majina ya mtaani. Asiye hodari huzungumza mfululizo mpaka filamu inapotea.

Filamu za kale zisizo na sauti huvuka mipaka hii ya lugha kwa urahisi. *The Kid* ya Chaplin, ya 1921, inamhusu fundi vioo maskini anayemlea mtoto aliyetupwa, na kisa chake hufuatwa kwa macho peke yake. Upande wa Kiswahili ipo *Arusi ya Mariamu* ya 1985, ya Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill, kuhusu mgonjwa aliye kati ya hospitali na mganga wa jadi. Hiyo haihitaji msimulizi kwa wengi wa Kasulu, na ni fupi kiasi kwamba huisha kabla watoto hawajalala.