Msuli wa Sikio Uulizwe Kwanza

(Sehemu ya pili)

Wiki iliyopita tulieleza upasuaji wa kupandikiza kifaa cha usikivu, huduma iliyoanza Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2017; awali wagonjwa walipelekwa India. Jeraha likishapona, yapata mwezi mmoja, kifaa huwashwa. Hapo ndipo huamuliwa kila elektrodi (ncha ya kifaa inayopitisha umeme sikioni) ipewe umeme kiasi gani, nazo ni 12 hadi 22 kutegemea mtengenezaji.

Kwa kawaida mtaalamu hupandisha umeme kidogo kidogo akimuuliza mgonjwa kama sauti inatosha. Mtu mzima aliyeishi miaka bila kusikia, pengine kwa homa ya uti wa mgongo au sindano za kanamaisini za kifua kikuu sugu, hana tena kipimo cha ukubwa wa sauti. Wengi husema "inatosha" mapema mno, kwa woga au kwa kumheshimu daktari. Wakirudi Mbagala au Tandale, mazungumzo ya barazani hawayapati.

Mwili una shahidi asiyeona haya. Katika sikio la kati kuna msuli wa takriban milimita 6, mdogo kuliko yote inayoshikamana na mifupa, ulioshika kifupa kiitwacho kikuku. Sauti kubwa ikiingia, msuli hujikaza wenyewe, tena katika masikio yote mawili. Kwa hiyo mtaalamu huziba sikio lisilopandikizwa kwa kizibo chenye kipimo, kisha hupandisha umeme upande wa pili mpaka mashine ionyeshe ngoma ya sikio imekakamaa. Kiwango hicho hukaribia sana kile ambacho mgonjwa mzoefu angekiita kikubwa lakini kisichokera. Njia nyingine, ya kupima mwitikio wa mshipa wa fahamu wa kusikia, huonyesha kwamba mshipa unaitika, ila haikadirii ukubwa wa sauti vizuri hivyo.

Wapo ambao msuli haujibu, hasa waliowahi kuugua sikio la kati, na usaha masikioni ni maradhi tunayoyajua sana mitaani kwetu. Hao waulizwe kwa subira. Wengine wote, naamini kwa dhati, wapimwe hivi. Kazi ni ya dakika chache, na kila safari ya marekebisho kutoka Chamazi hadi hospitalini Upanga ni nauli na kibarua cha siku.

Umeme wa matumizi ya kila siku usifikishwe kiwango kinachokaza msuli siku ya kwanza. Upandishwe taratibu, na mgonjwa aendelee kusikilizwa. Kabla ya kipimo, sikio lisilopandikizwa likaguliwe na nta iondolewe.

Wiki ijayo: mazoezi ya kusikia nyumbani.